Faili Zifunguke kwa Programu Usiyoisakinisha

Programu za kubeba (portable), yaani zinazotumika bila kusakinishwa, nazipenda kwa sababu haziachi uchafu. Unapakua, unafungulia kwenye folda, unatumia. Ukiichoka unafuta folda, basi. SumatraPDF ya kusomea PDF, Notepad++ ya kuandikia matini na VLC ya kuchezea video zote zina toleo la namna hiyo, na kwangu zinakaa pamoja kwenye folda moja ninayohama nayo kila nikibadili kompyuta.

Usumbufu unaanza pale unapotaka kubofya faili mara mbili ikafunguka kwa programu hiyo. Programu iliyosakinishwa hujiandikisha yenyewe kwenye rejista, daftari la mipangilio la Windows: inaitwa nani, inakaa wapi, inafungua faili za aina gani. Ya kubeba haijiandikishi, na ndiyo sifa yake. Kazi ya kuitambulisha inakuangukia wewe.

Kabla hujagusa chochote, amua programu itakaa wapi, maana Windows inakumbuka njia nzima kuanzia herufi ya diski. Flashi ikiwa E leo na kesho ikasomeka F, uhusiano umevunjika na utaulizwa tena ufungue kwa kutumia nini. Kama kompyuta ni yako, weka folda ndani ya diski ya C, mahali usipopagusa ovyo. Folda ya vipakuliwa haifai, ipo siku utaifagia yote. Kama ni lazima programu ibaki kwenye flashi, andika diskmgmt.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kulia flashi yako na uipe herufi ya mwishomwisho, kama P au X, ambayo vifaa vingine havitaifikia kirahisi. Kompyuta hiyo itaikumbuka. Nyingine haitajua habari hizo.

Baada ya hapo kazi ni fupi. Bofya kulia faili ya aina unayotaka, nenda Open with, chagua programu nyingine, shuka hadi mwisho wa orodha uambiwe uitafute ndani ya kompyuta, kisha ioneshe. Kwenye Windows 10 weka alama ya tiki ya kuitumia siku zote. Kwenye Windows 11 bonyeza Always.

Ila uioneshe ipi? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Vifurushi vya PortableApps.com, tovuti inayotoa programu za kubeba, vina faili mbili za kuendeshea (exe). Chukua VLC: ukifungua folda unaiona VLCPortable.exe juu kabisa, halafu ukichimba ndani ya folda ya App unaikuta vlc.exe yenyewe. Chagua ya juu. Hiyo ndiyo inayoiwasha ya ndani na kuhakikisha mipangilio yako inabaki kwenye folda ya Data. Ukiielekeza Windows kwenye ya ndani, video itacheza vizuri tu, lakini mipangilio itaandikwa kwenye AppData, folda ya mipangilio ya kompyuta yenyewe, na utashangaa kwa nini marekebisho ya jana hayaonekani leo. SumatraPDF haina mambo hayo, ni faili moja tu. Notepad++ ya kubeba nayo huanza moja kwa moja, ila ndani ya folda yake kuna faili ndogo iitwayo doLocalConf.xml. Inaonekana haina kazi, lakini usiifute: ndiyo inayoiambia programu itunze mipangilio hapohapo.

Kuna tatizo moja linalokera kuliko yote. Umehamisha folda, unarudia hatua zilezile, unaionesha Windows programu mahali pake papya, na hakuna kinachotokea. Hakuna kosa linalotajwa, programu haiingii tu kwenye orodha. Sababu ni kwamba jina lile la exe limeshaandikwa pamoja na anwani ya zamani. Fungua regedit, kihariri cha rejista, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\Applications, tafuta jina la programu, kisha shuka shell, open, command. Rekebisha njia iliyoandikwa humo. Njia iwe ndani ya alama za nukuu, na mwishoni ibaki "%1", nayo ndani ya nukuu zake. Ukizisahau hizo za mwisho, faili yenye nafasi katikati ya jina inaweza kugoma kufunguka. Kama rejista inakutisha (na kuiogopa si vibaya), ipe exe jina jipya kisha uioneshe upya. Kwa programu ya faili moja kama SumatraPDF, hiyo inatosha.

Utakutana pia na ushauri wa zamani wa kutumia assoc na ftype, amri za kuandika za kupangia aina ya faili programu yake. Tangu Windows 8, chaguo la mtumiaji linalindwa kwa alama ya siri inayokokotolewa na Windows yenyewe, na chaguo hilo ndilo linalofuatwa. Amri zile zitakubali, faili itaendelea kufunguka kwa programu ileile ya mwanzo.

Kivinjari cha kubeba mimi sikisumbukii. Viungo vya wavuti vinataka usajili mpana zaidi ya ule wa faili, na kisichosajiliwa hakionekani kwenye orodha ya mipangilio. Firefox ya kubeba ikikuomba uifanye kivinjari chako cha msingi, kataa: inaweza kujisajili kwa ile exe ya ndani, halafu kiungo ukikibofya kwenye barua pepe kinafunguka bila alamisho zako. Acha kilichosakinishwa kishike viungo.

Kwenye kompyuta ya mtu mwingine usiweke lolote kati ya haya. Ukichomoa flashi, faili zake zitabaki zimeelekezwa kwenye programu isiyokuwepo. Iburute faili uidondoshe juu ya ikoni ya programu, itafunguka bila kuacha uhusiano wowote.

Na hata kwenye yako, si kila aina ya faili inahitaji kuhamishwa. Andika shell:sendto kwenye dirisha la Run, kisha weka njia ya mkato ya programu kwenye folda itakayofunguka. Picha zangu zinafunguliwa na programu ya Windows ileile. Nikitaka kuzipunguza ukubwa nabofya kulia, Send to, IrfanView. Kwenye Windows 11 inabidi kwanza ubonyeze Show more options.