Barua kwa mwanangu: soma tarehe kwanza

Mwanangu,

Uliniuliza Ijumaa kwenye simu kama uache idara ya ardhi uhamie ile ya ufilisi, na kama kuna riziki kwa wakili anayedai malipo yake kwa kampuni iliyokwisha kufa. La riziki nilimalize upesi: ipo. Gharama za msimamizi (anayekabidhiwa kampuni iliyozidiwa na madeni) au mfilisi (anayeifunga na kuuza mali zake) hulipwa mwanzo, na wakili wao yumo humo. Wafanyakazi ndio wanaofuata, kwa mishahara ya miezi 4 ya mwisho, na hapo isizidi shilingi 200,000 kwa mtu mmoja. Kisha kodi. Benki iliyoshika rehani ya jengo haipangi hata foleni, ina mlango wake. Aliyepeleka bidhaa kwa mkopo anasimama nyuma kabisa, na huko nyuma ndiko alikokuwa mjomba wako.

Ile pikapu yake bado unaikumbuka, najua. Ulikuwa ukirudi shule unanuka sabuni. Duka lile kubwa lilimchukulia katoni 1,400 kwa mkopo wa siku 90. Siku ya 71 msimamizi akateuliwa. Mjomba alifika asubuhi akakuta geti la chuma limeteremshwa nusu, bawabu kaketi juu ya kreti ya soda, na ndani, rafu ya tatu kutoka mlangoni, sabuni zake zimepangwa vilevile alivyozipanga kwa mkono wake, bei zimebandikwa. Akasema anachukua mali yake. Bawabu akamjibu, "Mzee, hii si yako tena."

Basi yule bawabu alikuwa ameitaja sheria barabara, ndicho kinachoniuma mpaka leo. Hati za kupokelea mzigo nilizisoma zote baadaye. Hamna hata mstari mmoja unaosema sabuni inabaki mali ya muuzaji mpaka ilipwe. Pale karani wa stoo alipoweka sahihi, sabuni ilihama, na mjomba akabaki na deni kwenye karatasi.

Najua utanijibu nini. Utasema hata kifungu hicho kingekuwapo, kampuni ikishawekwa chini ya msimamizi kuna kinga: huondoi bidhaa bila ridhaa yake au idhini ya korti. Kweli. Tena ungelazimika kuonyesha kwamba katoni zilizo kwenye rafu ndizo zile ambazo hazijalipwa, si za mzigo wa mwezi uliotangulia uliolipwa, na sabuni za mjomba hazikuwa na namba za toleo. Lakini angekuwa na pa kushika wakati wa kuongea. Msimamizi hatauza kwa raha bidhaa yenye mwenyewe anayeijua kwa namba.

Kisha msimamizi aliwaita wauzaji warudi, walete kwa fedha taslimu. Mzigo mpya ni gharama ya usimamizi, hulipwa kabla ya madeni ya zamani. Mjomba akakataa, akasema haendi kuwauzia waliomla. Rafu ile ikajaa sabuni ya mwenzake. Simlaumu. Au namlaumu kidogo.

Sasa, umeniuliza kuhusu kazi. Kazi yenyewe ni kusoma tarehe kabla hujasoma hoja. Watu hukimbilia Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 wakatafuta vifungu, ilhali faili imeshajibu kwa kalenda. Chukua notisi ya madai kwa kampuni: deni lisipungue shilingi 100,000, iachwe kwenye ofisi iliyosajiliwa, zipite siku 21. Inaonekana rahisi, lakini wakili huipeleka tawini kwa sababu ndiko anakomjua meneja, au huwasilisha kortini ombi la kuifilisi kampuni siku ya 21 yenyewe kwa kuwa aliihesabu na siku ya kupeleka. Na kama deni lina ubishi wa kweli, barua mbili za mwezi wa tatu zinazolalamikia ubora wa bidhaa zinatosha kukuvunjia ombi, na gharama juu. Korti ya ufilisi si mahali pa kukusanyia madeni.

Au chukua dhamana ya benki, yaani mali ya kampuni iliyowekwa rehani kwa mkopo. Isiposajiliwa ndani ya siku 30, haimfungi mfilisi, na benki kubwa inakwenda kusimama na mjomba. Na kwa nini hata leo husikia kampuni imewekewa mrasimu, yaani mtu anayeteuliwa na mwenye dhamana akusanye mali alipwe deni lake, ilhali sheria mpya inataka msimamizi? Tarehe tena: dhamana iliyotiwa sahihi kabla ya sheria kuanza kutumika bado inaruhusu mrasimu. Mrasimu anamtumikia aliyemteua. Msimamizi anatakiwa kuwafikiria wadai wote, na ana miezi 12. Ombi la kuongezewa liingie kabla haijakwisha, maana muda uliokufa hauongezwi.

Usiingie ukidhani unaokoa kampuni. Mara nyingi unaokoa biashara, kampuni inazikwa. Kampuni ya saruji ya ARM Cement iliwekwa chini ya usimamizi Agosti 2018. Mwaka uliofuata National Cement ikanunua mali zake za hapa Kenya, kiwanda cha Kaloleni kikiwamo. Tanuri likapata mwenyewe mpya. Wenye hisa walibaki na vyeti.

Nimejizuia kukwambia nenda au baki. Babako ameniapisha. Wewe una subira ya kusoma orodha ya wadai kurasa 60 ukakuta jina moja limeandikwa mara mbili, hiyo umeionyesha tangu shule. Ila unachukia kumwambia mtu hapana usoni, na huko utawaambia hapana wauza maziwa wengi kuliko mabenki. Hapo ndipo ninapokwama.

Hiyo barua ya ajira uliyopewa nipigie picha uitume, hasa ukurasa wenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Mjomba wako naye ana hati mpya za mzigo anataka uzipitie. Nimemwambia utazipitia, ya malipo mzungumze wenyewe.

Mamako