Maswali na majibu: Linkin Park bila Chester

Wiki hii karibu barua zote ni za Linkin Park, bendi ya rock ya Los Angeles iliyorudi na albamu ya From Zero tarehe 15 Novemba 2024, miaka saba baada ya kifo cha mwimbaji wao Chester Bennington. Anayeimba sasa ni Emily Armstrong. Barua nimezifupisha, matusi nimebaki nayo mwenyewe.

Bila Chester hiyo si Linkin Park. Wangebadili jina tu. Au nakosea? (Msomaji, Dodoma)

Majina walishabadili kabla mimi na wewe hatujawasikia. Mwaka 1996 waliitwa Xero, na aliyeimba alikuwa kijana mmoja, Mark Wakefield. Alipoondoka, bendi ikabaki na nyimbo bila mtu wa kuziimba. Machi 1999 kanda yao ya majaribio ikamfikia Chester huko Arizona, wakati bendi yake ya Grey Daze imeshasambaratika. Akarekodi sauti yake juu ya ala zile, akawasikilizisha, akahamia California. Wakajiita Hybrid Theory, kisha Linkin Park, na lile jina walilolitema wakalibandika kwenye albamu ya kwanza, iliyotoka Oktoba 2000. Kwa hiyo huyo Chester unayemwona ndiye mwenye nyumba, naye aliingia kuziba pengo la mtu. Jina la albamu mpya linarudi hukohuko Xero, makusudi kabisa.

Simshushi hadhi. Ile sauti ndiyo iliyoifikisha Hybrid Theory kwenye platinamu 12 Marekani (kila moja ni nakala milioni), na wengi wetu huku tulimjua kupitia Numb/Encore, kile kibao cha mwaka 2004 walichofanya na Jay-Z, kilichopigwa kwenye daladala hadi CD zikakwaruzika. Ninachosema ni hiki: ukitaka kujua kama bendi ingali hai, mtafute anayetunga kabla ya kumtafuta anayeimba. Mike Shinoda alikuwepo tangu enzi za Xero na hajaondoka. Anachana, anaimba, anapiga kinanda na gitaa, na albamu hii imepita mikononi mwake kama prodyuza. Joe Hahn bado yuko kwenye sahani zake za DJ, Phoenix bado yuko kwenye besi. Ukizima sauti zote mbili ukasikiliza ala peke yake, utawatambua.

Rock siijui. Nianze na wimbo gani? (Msomaji, Kigoma)

The Emptiness Machine. Ndio wimbo walioutumia kumtambulisha Emily tarehe 5 Septemba 2024, kwenye onyesho lililorushwa moja kwa moja mtandaoni, na mpangilio wake una ujanja ambao sijauchoka. Ubeti wa kwanza anaimba Shinoda. Kiitikio cha kwanza, Shinoda tena. Shabiki aliyekaa miaka saba akisubiri anaanza kujiuliza huyo mgeni yuko wapi. Ubeti wa pili ndipo Emily anapoingia, taratibu, kama mtu aliyekuwa chumbani muda wote. Kiitikio kinaporudi kiko mdomoni mwake, nacho ni kilekile ulichokwisha kukizoea kwa sauti unayoijua. Hawakumlazimisha msikilizaji amkubali mgeni na wimbo mgeni kwa mpigo mmoja. Huo ni utunzi wa watu waliokaa wakafikiri.

Ukimaliza hapo nenda Over Each Other, ambapo Shinoda anakaa pembeni na kumwachia Emily uwanja mzima, kisha Casualty, ya mbio na ya hasira, bendi ikipiga kama vijana wa gereji. Two Faced itawafurahisha waliokua na albamu ya kwanza; mimi naiona imejitazama mno kwenye kioo. Ninayoirudia ni Overflow. Ni nzito, ya polepole, imejaa nafasi, na haikuandikwa kumpendeza mtu wa mwaka 2000.

Niliwaona kabla ya fainali ya PSG na Inter. Mbona wa gitaa na wa dramu ni wageni? (Msomaji, Morogoro)

Umeona sawasawa. Munich, tarehe 31 Mei 2025. Mwenye gitaa ni Alex Feder, anayeshika nafasi ya Brad Delson kwenye ziara. Delson bado anatunga na kurekodi na wenzake, ila kusafiri ameacha. Kwenye dramu ni Colin Brittain, ambaye ni mwanachama kamili. Rob Bourdon, wa zamani, alichagua kukaa mbali na bendi.

Binti yangu wa miaka 15 anamwiga huyo Emily bafuni kila asubuhi. Hataharibu koo? (Mama, Nakuru)

Mama, inategemea anapigaje hizo kelele, na hapo pana elimu kidogo.

Sauti ya kawaida hutoka kwenye nyuzi mbili za sauti zilizoko kooni. Zinakutana, pumzi inapita katikati, zinatikisika. Juu yake kuna mikunjo mingine miwili, huitwa nyuzi bandia, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusaidia kuziba njia ya hewa unapomeza chakula. Waimbaji wengi wa ngurumo hujifunza kuisogeza hiyo mikunjo ya juu ili nayo itikisike, na mkwaruzo mwingi unatoka pale, huku nyuzi zenyewe zikipunguziwa mzigo. Pumzi inasukumwa kutoka chini, kwenye kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, na mbavu. Shingo hukaa legelege. Ndiyo maana mwimbaji mzoefu akinguruma studio hapigi kelele kama unavyodhani. Nguvu nyingine inatoka kwenye kipaza sauti na mashine.

Mtoto asiyefundishwa hufanya kinyume: anabana shingo, anasukuma pumzi yote juu, nyuzi zinagongana kwa nguvu. Akiendelea hivyo, zinaweza kuota vivimbe vidogo. Mtazame shingo mishipa ikimsimama. Msikilize saa moja baada ya kuimba: sauti imekauka? Noti za juu alizokuwa akizifikia zimepotea? Maumivu je? Moja ya hayo likitokea, apumzike. Mafua yakimkamata, asijaribu kabisa. Sauti ikibaki na mkwaruzo zaidi ya wiki tatu, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na kama anaipenda kweli, mwalimu wa sauti atamfaa kuliko marufuku, maana marufuku itamhamishia kwenye bafu la jirani.

Mwambie pia asianze na Heavy Is the Crown. Mle ndani kuna ukelele mmoja usio na mapumziko unaokaribia ule wa Chester wa sekunde 17 katika Given Up ya mwaka 2007. Emily alifika hapo baada ya miaka mingi ya kuimba na Dead Sara, bendi yake ya huko Los Angeles, ambayo kibao chake Weatherman kiliwatoa mwaka 2012.

Kuna bendi nyingine iliyowahi kufanikiwa hivi? (Msomaji, Bujumbura)

AC/DC, na hao hawajafikiwa na mtu. Bon Scott alifariki London tarehe 19 Februari 1980. Wenzake wakamchukua Brian Johnson, mtu wa kaskazini mwa Uingereza aliyekuwa na bendi ya Geordie, ambaye Scott mwenyewe aliwahi kumwona jukwaani na kumsifia kwa wenzake. Wakaenda Nassau, Bahamas, kurekodi na prodyuza Mutt Lange. Tarehe 25 Julai mwaka uleule Back in Black ikawa sokoni: jalada jeusi tii kwa ajili ya msiba, na kengele ikilia polepole kabla gitaa halijaingia. Miezi mitano kutoka makaburini hadi dukani! Imeuza makumi ya mamilioni ya nakala duniani na bado inauza. Waliotunga mapigo ya gitaa, ndugu wawili Malcolm na Angus Young, walikuwa hawajaondoka. Umeona tunakorudi?

Alice in Chains ni njia nyingine. Layne Staley alifariki Aprili 2002, na albamu yenye mwimbaji mpya, William DuVall, ilitoka Septemba 2009. Jerry Cantrell, mpiga gitaa na mtunzi, alijibebesha uimbaji mwingi yeye mwenyewe, DuVall akawa wa kumshikia sauti ya pili na kupokezana naye. Wimbo wa mwisho ni wa kumuaga Staley, na anayepiga piano ni Elton John. Linkin Park walifuata njia hii zaidi kuliko ya AC/DC: sauti mbili, ya zamani ikimshika mkono mpya.

Kuna pia Journey, ambao mwaka 2007 mpiga gitaa wao Neal Schon alimkuta Arnel Pineda wa Manila kwenye video za YouTube, akiimba nyimbo za watu. Mwaka uliofuata wakatoa Revelation, na ikawauzia vizuri.

Sasa, kanuni yangu ya mtunzi ina tundu, na afadhali nilitaje kabla hamjaniandikia. Van Halen mwaka 1998 walikuwa na Eddie Van Halen yuleyule, mtunzi yuleyule, wakamleta Gary Cherone, na albamu ikaanguka. Cherone hakudumu, wakaachana mwaka uliofuata. Mtunzi kubaki hakutoshi kama nyimbo zenyewe hazijaiva.

Freddie ni wa hapa kwetu Mji Mkongwe. Mbona Queen hawakupata albamu kubwa baada yake? (Msomaji, Unguja)

Wa kwenu kweli, Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa tarehe 5 Septemba 1946, na imetokea tu kwamba siku na mwezi huo ndio Linkin Park walipomtoa Emily hadharani.

Queen walijaribu mara moja. Walimchukua Paul Rodgers, mwimbaji mwenye jina lake tayari, na mwaka 2008 wakatoa The Cosmos Rocks. Haikukaa. Rodgers ni mwimbaji hodari wa bluzi, na pale Queen palihitaji mtu wa maigizo. Halafu akaja Adam Lambert, aliyefaa zaidi, na ameimba nao kwenye viwanja vikubwa kwa zaidi ya miaka kumi, ila albamu mpya ya studio hawajatoa hata moja. Wanaimba za zamani. Brian May na Roger Taylor, waliobaki bendini, wenyewe wanaandika “Queen + Adam Lambert” kwenye mabango, yaani Lambert anabaki mgeni mwalikwa.

Sioni kosa hapo. Freddie hakuwa sauti tu; Bohemian Rhapsody aliitunga yeye, na John Deacon, aliyetunga Another One Bites the Dust, alistaafu. Nusu ya watunzi hawapo. Ila ndiyo tofauti na hawa wa From Zero: Emily alipewa nyimbo zake mwenyewe za kuimba, ambazo hakuna marehemu wa kumlinganisha naye.

Mbona dansi letu waimbaji wanahama kila leo na hatulii hivi? (Mzee, Temeke)

Mzee wangu, tulilia! Mwimbaji Muhidin Gurumo alipoondoka Msondo kwenda Mlimani Park mwaka 1978, Dar es Salaam iligawanyika, na Msondo na Sikinde (ndiyo hiyo Mlimani Park) wametambiana mpaka leo. Mwimbaji wao TX Moshi William alipofariki mwaka 2006, watu walidhani Msondo imekwisha.

Ila bendi zetu zilijengwa tofauti. NUTA Jazz, ambayo ndiyo Msondo ya leo, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianzia kwenye shirika la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya shirika, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Mtu akihama, gitaa linabaki, na mbele pale walishasimama waimbaji watatu au wanne wanaopokezana. Bendi ya rock ya Kimarekani ni mali ya marafiki wachache waliokutana shuleni au mtaani, na uso wake mara nyingi ni mmoja. Uso huo ukiondoka, hakuna shirika la kusema kesho kazini saa mbili.

Nasikia huyo Emily ana kashfa. Kweli? (Msomaji, Mombasa)

Mwaka 2020 alihudhuria kikao cha awali mahakamani kumuunga mkono mwigizaji Danny Masterson, ambaye mwaka 2023 alipatikana na hatia ya ubakaji na kufungwa. Jambo hilo liliibuliwa mara tu alipotangazwa. Emily akaandika hadharani kwamba alikwenda kwa sababu alimwona kama rafiki, kwamba muda mfupi baadaye aligundua hakupaswa kwenda, na kwamba hajazungumza naye tangu hapo. Wapo waliotosheka na maelezo hayo, na wapo ambao hawakutosheka, akiwamo mmoja wa watoto wa Chester aliyeikosoa bendi waziwazi. Mimi ningependa bendi ingelizungumzia mapema, kabla ya kuulizwa. Kuhusu uimbaji wake, hilo haliongezi wala halipunguzi kitu.

Albamu nzima dakika 32? Tumepunjwa! (Msomaji, Arusha)

Hybrid Theory yenyewe haikufika dakika 40, na sikumbuki mtu akilalamika. Nyimbo ni 11, na wa kwanza si wimbo hasa, ni utangulizi wa sekunde chache. Mimi huo ufupi ndio ulioniuzia albamu: hakuna wimbo wa kujazia. Ukitaka zaidi, Mei 2025 walitoa toleo la nyongeza lenye Up From the Bottom, Unshatter na Let You Fade. Up From the Bottom ingefaa iwemo tangu mwanzo. Hizo nyingine mbili naelewa kwa nini ziliwekwa kando.