Albamu ya prodyuza, wageni kibao: maswali na majibu

Barua nyingi safari hii zinahusu albamu za maprodyuza: prodyuza mmoja au wawili wanatengeneza biti zote, kisha wanaalika marapa kumi, ishirini, wajaze mistari. Waliouliza nani kamfunika nani nimewaweka kando, isipokuwa mmoja ambaye atakuwa mfano kwa wenzake.

Nimesikiliza albamu ya prodyuza yenye nyimbo 18. Wageni wote wakali, lakini kufika wimbo wa nane nimechoka. Ni mimi au ni albamu? (Makorora)

Ni albamu. Hebu piga hesabu. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika, baa 16 (kila baa ni mapigo manne) zinachukua sekunde 43 hivi. Marapa watatu, dakika mbili na sekunde nane. Kiitikio cha baa 8 kikirudi mara tatu kinaongeza dakika moja na sekunde nne. Wimbo umefika dakika tatu na sekunde 12, na biti haijapewa hata nafasi ya kuingia. Zidisha mara 18, karibu saa nzima, na kila wimbo una umbo lile lile: rapa, kiitikio, rapa, kiitikio, rapa, kiitikio. Marapa wawe wakali wawezavyo, sikio limeshajua kinachofuata.

Dawa iko kwa prodyuza. Nyimbo 11 au 12 zinatosha. Wimbo mmoja apewe rapa mmoja peke yake, mashairi matatu, aeleze kitu mpaka mwisho. Mwingine uwe biti tupu, maana hii ni albamu ya prodyuza na tunataka kumsikia yeye. Mwendo nao ubadilike: ukiweka nyimbo tano mfululizo kati ya mapigo 88 na 92, hata mwenyewe utazichanganya.

Lakini ugonjwa mkubwa ni woga wa kumwambia mgeni "rudia". Rapa analeta mistari ya hela kwenye wimbo unaohusu msiba, prodyuza anaipokea kwa sababu ni rafiki yake, au kwa sababu jina litauza. Mgeni apewe maelekezo kwa maandishi kabla hajaandika neno: mada kwa sentensi moja, idadi ya baa, mwendo, nani anamtangulia na nani anamfuata, na siku ya mwisho ya kuleta. Asiyetaka kuelekezwa akatengeneze albamu yake.

Prodyuza haimbi, harapu. Kwa nini jina lake ndilo liandikwe kwenye jalada? (Wanne mmeuliza, kutoka Chumbageni hadi Mombo)

Swali hili linarudi kila mara na jibu halijabadilika. Prodyuza wa Marekani Marley Marl alitoa In Control, Volume 1 mwaka 1988, jina lake juu, na ndani yake, kwenye wimbo mmoja, marapa wanne, Masta Ace, Craig G, Kool G Rap na Big Daddy Kane, wakapokezana juu ya kinanda kilichokatwa kutoka kwenye wimbo wa mwimbaji Otis Redding. Pete Rock alifanya hivyo mwaka 1998, Da Beatminerz mwaka 2001. Hapa kwetu mlikua mkisikia majina ya maprodyuza P-Funk Majani na Master Jay ndani ya nyimbo za watu, na hakuna aliyelalamika. Prodyuza ndiye anayechagua sauti, mada, mgeni na mpangilio. Asipochagua, hapo ndipo malalamiko yenu yatakuwa na haki.

Kwenye albamu moja sauti ya mgeni iko chini, wa pili yuko kama ndani ya debe, wa tatu sauti imekuwa nzito hata simtambui. Studio mbovu? (Chumbageni)

Studio yenyewe inaweza kuwa nzuri. Wageni hawa hawakuwahi kukanyaga studio moja. Kila mtu amerekodi kwake na kutuma, na kila kosa ulilolisikia lina chanzo chake.

Huyo mwenye sauti nzito amerekodi kwa 48 kHz (vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde), kisha faili likafunguliwa kwenye mradi wa 44.1 kHz bila kugeuzwa. Likichezwa hivyo linapungua mwendo kwa asilimia 8 na sauti inashuka nusu-sauti moja na nusu hivi. Prodyuza mvivu huona mistari imechelewa, akaikatakata na kuisogeza ikae kwenye mapigo, asijiulize kwa nini rafiki yake amegeuka kuwa babu. Kabla ya albamu kuanza, wote wakubaliane kiwango kimoja, 48 kHz na biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, si biti ya wimbo), na kiandikwe kwenye jina la faili pamoja na mwendo wa wimbo.

Mwenye debe amerekodi kwenye chumba kitupu chenye sakafu ya saruji na bati juu. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Programu za kuuondoa zinaupunguza na kula herufi za sauti. Godoro lisimame nyuma ya anayerap, blanketi mbili pembeni, mdomo uwe umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maiki, na maiki isiwekwe kwenye kona. Mvua ikianza kupiga bati, acha kazi.

Aliye chini mara nyingi ametuma rekodi kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida. Ikitumwa hivyo inaweza kubanwa na kupoteza mng'ao wa juu, kisha prodyuza anahangaika kuirudisha. Itumwe kama dokumenti. Sauti ya mono (njia moja, bila kulia na kushoto) ya biti 24 kwa 48 kHz ni MB 8.6 hivi kwa dakika, wimbo wa dakika nne haufiki MB 35. Kifurushi cha siku kinatosha, msisingizie bando.

Na ninyi mnaotuma: vilele vya sauti viishie kati ya dB -12 na -6, visiguse sifuri. Msiweke mwangwi wala kirekebisha sauti. Mkiupenda sana huo mtindo wenu, tumeni faili mbili, kavu na lililopambwa. Faili lianze mwanzo kabisa wa wimbo hata kama unaingia dakika ya pili, ili likidondoshwa kwenye mradi likae mahali pake. Mgeni anayetuma vipande sita visivyo na majina hastahili kulalamika mistari yake ikipinduliwa.

Kati ya wageni wote, nani mkali zaidi? (Ngamiani)

Aliyefuata mada.

Besi ya albamu hizi kwenye simu haipo, kwenye gari la kaka inatingisha vioo. Nimeuziwa nakala mbovu? (Pangani)

Hapana, dada. Besi ya 808, ile nzito ya mashine ya ngoma, inayokaa kwenye Hz 45 au 50 haiwezi kutoka kwenye spika ya simu, ambayo ni ndogo mno kusukuma hewa kiasi hicho. Gari lina spika kubwa, na kaka yako bila shaka ameongeza kitufe cha besi mpaka mwisho.

Hata hivyo prodyuza hajasalimika. Anajua wengi wenu mnasikilizia simu. Besi ya Hz 50 ikikwaruzwa kidogo inazaa sauti za juu yake, 100, 150, 200, na sikio likizipata hizo linaijua besi hata kama msingi wenyewe hausikiki. Ni kazi ya dakika tano. Aijaribu pia miksi kwa mono, maana spika nyingi za bluetooth za vibandani zina sauti moja tu. Viitikio vilivyotanuliwa kulia na kushoto kwa hila vinaweza kufutana humo na kubaki mnong'ono.

Jambo ambalo hukuliuliza: kama wimbo mmoja unakupigia kelele kuliko wenzake, nyimbo hizo zilimalizwa na mafundi tofauti bila kulinganishwa. Msijidanganye kuwa Spotify itasawazisha. Albamu ikichezwa nzima, inashushwa kwa pamoja, kwa hiyo tofauti kati ya wimbo na wimbo inabaki vilevile. Masta, yaani umaliziaji wa mwisho wa sauti, ifanywe na mtu mmoja, nyimbo zote zikiwa wazi mbele yake. Alenge LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti) au juu yake kidogo, kilele kisizidi dB -1.

Nimealikwa kwenye albamu ya prodyuza mwenye jina. Anasema malipo yangu ni kujulikana, tusiharibu undugu kwa makaratasi. Nikubali? (Muheza)

Kujulikana hakulipi nauli ya Muheza–Tanga. Kukubali bila hela ni uamuzi wako, wengi wameanza hivyo. Kukubali bila karatasi ni uzembe.

Wimbo una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki, na kuna rekodi yenyewe. Prodyuza aliyelipia studio kwa kawaida anashika rekodi. Maneno yako ni yako tangu ulipoyaandika, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 haikudai uandikishwe kwanza ndipo yawe yako. Kuyasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mtakapogombana. Na mtagombana wimbo ukipata hela, sijaona undugu uliozuia hilo.

Kwenye hiphop mazoea ni nusu ya utunzi kwa mwenye biti, nusu kwa wenye maneno. Mkiwa marapa watatu na mwimba kiitikio, nusu hiyo ikigawanywa sawa kila mmoja anapata asilimia 12.5. Ni mazoea, hakuna anayelazimishwa, ila jumla lazima ifike 100 na isizidi. Nyimbo kibao zimekwama kwa sababu kila mtu ameandika asilimia yake kichwani na jumla imefika 130.

Karatasi ni moja tu: jina la wimbo, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, majina ya kisanii, asilimia za utunzi, sehemu yako ya rekodi kama ipo au kiasi ulicholipwa mara moja, tarehe, sahihi. Ongeza mistari miwili ambayo watu husahau: je, anaweza kuichukua sauti yako na kuibandika kwenye biti nyingine, na je, wewe unaweza kuuimba wimbo jukwaani bila kumwomba? Sahihi zipatikane kabla faili lako halijatoka mkononi. Baada ya hapo huna cha kushikilia.

Halafu kagua jina lako lilivyoandikwa kabla albamu haijapanda mtandaoni. Herufi moja ikikosewa, au ukibandikwa kwenye ukurasa wa msanii mwingine mwenye jina kama lako, wasikilizaji wako wanahesabiwa kwake. Na kama wimbo ulishatoka peke yake, ukiingia kwenye albamu rekodi ikiwa ile ile, ubaki na namba yake ile ile ya ISRC, utambulisho wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Prodyuza akiomba mpya, hesabu ya wasikilizaji inaweza kugawanyika.

Naomba link ya kuipakua bure. (Hataji anakotoka, na amefanya vyema)

Hapana.

Mimi na mwenzangu tunatengeneza albamu ya namna hiyo. Tunataka kukata kipande cha taarabu ya Black Star au Lucky Star, santuri za zamani. Ni ya Tanga, si yetu sote? (Korogwe)

Ya Tanga, ndiyo. Yenu, hapana. Haki ya mtunzi inaishi naye maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, ikiwa mikononi mwa warithi. Watafuteni, mwombe utunzi kwao, na rekodi kwa anayeishika. Msipofanikiwa, mwiteni mpiga gita arekodi upya. Mtabaki na ruhusa moja ya kuomba badala ya mbili.

Kuhusu ufundi: santuri hizo haziko sawasawa na kinanda chenu. Kasi ya mashine ya siku ile na ya mchezaji wenu wa leo hazilingani, kwa hiyo gita linaweza kuwa senti 20 au 40 juu au chini (senti 100 ni nusu-sauti moja). Lirekebisheni kwanza, ndipo muweke besi. Mkiweka besi kwanza kila mgeni ataimba kiitikio kwa shida na hatajua kwa nini. Pia wapigaji walikuwa binadamu, mwendo unapanda kadiri wimbo unavyokolea. Kateni baa mbili mbili, msikate nane mkategemea zitalala kwenye gridi. Na kama ngoma za santuri zinasikika wazi, msizirundikie kiki na sneya juu. Kateni masafa ya chini ya kipande, muache nafasi.

Kwa nini maprodyuza wa Tanga wanajaza wageni wa Dar kwenye albamu zao? Wagosi wamekwisha? (Mikanjuni)

Hawajaisha. Wanaogopwa na maprodyuza wao wenyewe. Kundi la Wagosi wa Kaya lilisikika nchi nzima likiwa na lafudhi ya hapa na habari za hapa. Marapa Mwana FA, aliyechaguliwa mbunge wa Muheza mwaka 2020, na Roma, wote ni wa mkoa huu. Sina ugomvi na mgeni wa Dar, awe mmoja au wawili, na apewe wimbo unaomhitaji. Ninachokiona ni wageni wanane wa Dar kwenye nyimbo za mwanzo, halafu vijana wa Tanga wanne wamesukumiwa wimbo mmoja, wa 17, baa nane kila mmoja. Kwenye albamu ijayo fungueni orodha ya nyimbo mtazame wa Tanga wamewekwa namba ngapi. Wakiwa mkiani, mwandikieni prodyuza, yeye si mimi.