Sifuri moja, jina moja, hadhi moja: mpango wa taarifa za ujenzi

Fundi anamwaga zege kwa mchoro uliokwisha kubadilishwa kwa sababu mafaili mawili yana jina moja. Hasara ya aina hiyo huzuiwa na mpango wa taarifa ulioandikwa kabla msanifu hajachora nguzo ya kwanza.

Anzeni na siku ya makabidhiano. Mwenye jengo atahitaji nini ili atunze pampu na viyoyozi vyake? Labda namba ya kifaa, aina yake na mwisho wa dhamana. Msichohitaji msikidai, modeli (jengo lililochorwa kwa kompyuta kwa vipimo vitatu) yenye kila skrubu hufunguka kwa tabu na hakuna anayeisoma.

Halafu sifuri ya mradi, yaani mahali vipimo vyote vinapoanzia, jambo linalorukwa kuliko yote. Wahusika wote wakubaliane kitovu kimoja, mathalani makutano ya mistari ya gridi A na 1, pamoja na kipimo kimoja na kimo kimoja cha sakafu. Msanifu akihesabu kimo kutoka juu ya vigae na mhandisi kutoka juu ya zege, modeli zitapishana kwa unene wote wa vigae na chokaa yake, na hitilafu hiyo itajirudia kila ghorofa. Tena, msichore moja kwa moja kwenye viwianishi vya mpima ardhi. Programu ya kuchora modeli ya Revit, kwa mfano, inataka umbo lote liwe ndani ya kilomita 16 kutoka sifuri yake ya ndani. Ukivuka hapo, vipimo hupoteza usahihi.

Jaribio lake ni rahisi. Wiki ya kwanza kila ofisi ichore kisanduku cha mita 1 kwenye kitovu, ikitoe kwa IFC, muundo wa faili unaofunguka kwenye programu tofauti, kisha mtu mmoja avifungue vyote pamoja. Visipolaliana, rekebisheni hapo hapo, kabla hakujawa na cha kuchorwa upya.

Jina la faili libebe mradi, ofisi, jengo, ghorofa, aina, taaluma na namba. Tarehe na neno “fainali” visiingie kabisa. Toleo na hadhi vikae kwenye sehemu zake katika hifadhi ya pamoja. ISO 19650 ya 2018, kiwango cha kimataifa cha taarifa za ujenzi, inataja hali nne za faili: inayotengenezwa, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa na ya kumbukumbu. Kwa utaratibu wa Uingereza, P01.02 bado iko mezani kwa mchoraji, P01 imeshirikishwa, C01 imeidhinishwa. Saitini ijengwe michoro yenye C peke yake.

Ukaguzi wa migongano, yaani pale vitu viwili vinapogombea nafasi moja kwenye modeli, fanyeni kila wiki mbili. Mara ya kwanza programu inaweza kutema maelfu, na wengi hukata tamaa hapo. Pambanisheni kwanza boriti na mabomba ya maji taka, kwa kuwa mteremko wake hauna nafasi ya kusogea, kisha njia kubwa za hewa, nyaya zingoje. Kila mgongano uandikiwe mtu mmoja na tarehe moja. Ukiandikiwa “timu”, utaukuta palepale wiki mbili baadaye.