Kabla saa haijaanza kuhesabiwa: somo la Y14 kwa mafundi wapya

Wadogo zangu mnaoingia karakana mwaka huu, haitapita muda mtasikia habari ya kichwa cha treni kilichounganishwa kwa saa 9 na dakika 47. Ni habari ya kweli. Ilikuwa Desemba 1891, katika karakana ya Stratford, mashariki mwa London, mali ya kampuni ya reli ya Great Eastern. Mafundi waliunganisha injini ya mvuke ya aina ya Y14, wakaipiga rangi ya kijivu ya awali, wakaiwasha. Ikapelekwa moja kwa moja kuvuta makaa ya mawe kati ya Peterborough na London, na haikurudi kupakwa rangi ya mwisho mpaka ilipotimiza maili 36,000, kama kilomita 58,000 hivi.

Wengi huisimulia kama habari ya mbio. Mimi nawaomba mwangalie miaka minane iliyotangulia. Aina hiyo ilisanifiwa na T. W. Worsdell, msimamizi mkuu wa injini wa kampuni hiyo, ya kwanza ikatoka mwaka 1883. Worsdell alihama mwaka 1885, na James Holden aliyeshika nafasi yake hakuibadilisha ili kuonyesha kwamba amefika. Aliendelea kuijenga ileile. Kwa hiyo siku ile ya Desemba, fundi aliyeshika ribiti, yaani pini ya kuunganishia vyuma, alikuwa ameshaifanya kazi hiyo kwenye injini nyingi za namna moja.

Jambo hili nililielewa kwa mikono. Nikiwa mwanagenzi, tulipewa bushi mpya, yaani bomba fupi la chuma la kukaa ndani ya tundu, tuifunge kwenye bogi, ile fremu ya magurudumu chini ya behewa. Ilikataa kuingia. Kumbe fundi aliyetutangulia alikuwa amelipanua tundu la bushi hiyo kwa kukadiria kwa macho, likaenda upande, na hakuandika popote. Tulipiga tupa kutwa nzima, tunapima, tunapiga tena, na treni imelala. Kufunga kwenyewe, tulipofika hapo, hakukuchukua hata nusu saa. Tangu siku hiyo sifungi kitu kabla ya kukipima, na nikibadilisha kipimo nakiandika, hata kama msimamizi ananiharakisha.

Sasa itazameni Y14 yenyewe, maana usanifu wake ni mwepesi kuusoma. Magurudumu sita, yote yanasukuma. Silinda mbili zimefichwa katikati ya fremu, kila moja ina kipenyo cha inchi 17 na nusu, na pistoni husafiri inchi 24. Gurudumu lina futi 4 na inchi 11. Kwa nini dogo hivyo? Kila pistoni inapokwenda na kurudi, gurudumu huzunguka mara moja. Likiwa dogo, treni husogea umbali mfupi kwa mzunguko huo, na nguvu ileile ya mvuke inakuwa mvuto mkubwa zaidi. Injini ya abiria wa haraka hupewa gurudumu kubwa. Ya mizigo hupewa hili. Mkilielewa hilo, mtaweza kuitazama picha ya injini yoyote ya mvuke na kukisia kazi yake.

Tena ilikuwa nyepesi, ikapita kwenye njia ndogo za mashambani ambako injini nzito haziruhusiwi. Ndiyo maana ilitumwa kila kazi, abiria wakiwemo. Zilijengwa 289, za mwisho mwaka 1913. Zaidi ya 40 zilivushwa bahari kwenda Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ile ya saa 9 na dakika 47 ilifanya kazi miaka 40 na kupita maili milioni 1.1. Za mwisho zilistaafishwa mwaka 1962.

Moja imehifadhiwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, namba 65462. Mkipata picha yake, msianzie kwenye bomba la moshi kama wafanyavyo wageni. Anzeni chini, kwenye vyuma vinavyounganisha magurudumu, mfuate kila pini kwa kidole mpaka mjue nguvu inaingilia wapi.