Umealikwa harusi India? Vaa sari ya hariri, ila usinunue kama nilivyonunua mimi

Mleta mada umesema unaenda harusi ya rafiki yako Chennai na hujui uvae sari ya hariri au gauni lako tu maana sari ni mambo ya kina bibi. Mi nimesoma Bengaluru miaka minne, harusi nimekula mpaka nikazoea kula kwenye jani la mgomba. Vaa sari, na iwe hariri kweli.

Yangu ya kwanza niliokota duka moja huko, muuzaji kaapa hariri tupu dada, bei chee, nikabeba. Jamani joto lile ilininata kama mfuko wa rambo, marinda yanafumuka kila nikiinuka, sherehe nzima nimejishika tumbo. Kurudi hosteli rumeti wangu akachomoa uzi pembeni akauwasha kiberiti, ukayeyuka ukawa kigololi cheusi kigumu. Hariri haifanyi hivyo, inanuka nywele zilizoungua na majivu yake unayasaga kwa vidole. Siku hizi naangalia lebo ya Silk Mark, ile ya kuthibitisha hariri halisi, wameianzisha 2004 kwa ajili ya matapeli kama yule.

Sasa harusi iliyofuata mama yake rumeti, anti tulivyozoea kumwita, akaniazima Kanchipuram yake aliyoolewa nayo, yaani sari ya hariri ya mji wa Kanchipuram, ya zambarau pindo kijani, akanivalisha mwenyewe huku kabana pini mdomoni. Zile za kusuka kwa mkono kitambaa cha katikati na pindo kila kimoja kina uzi wake, vinaungwa humohumo kwenye mtambo na mara nyingi wanakaa watu wawili, ndo maana rangi inabadilika ghafla kama imekatwa na kisu. Na hapo ndo nilielewa kwa nini mabinti wa kule wanagombania kabati za mama zao: sari haijakatwa wala kushonwa, ni mita tano na nusu hivi za kitambaa, kwa hiyo haina saizi. Mama alikuwa mwembamba, binti kanenepa, inawatosha wote. Binti anashona blauzi mpya ya mgongo wazi, anapiga mkanda kiunoni, wengine na raba chini, na sari ni ileile ya kabla hajazaliwa.

Ila Kanchipuram yenye zari nyingi, zile nyuzi zinazong'aa kama dhahabu, ni nzito, mgeni utachoka. Wewe tafuta ya Mysore, nyepesi, laini, haina makuu zaidi ya pindo la zari, na marinda yanakaa yalipowekwa. Kiwanda cha serikali pale Mysuru, ndo Mysore hiyohiyo kwa jina la sasa, kipo tangu 1912, wanajua wanachofanya.

Wahi fundi, hapo ndo watu wanaumbuka. Kitambaa cha blauzi kinakuwa mwisho wa sari yenyewe, usipige kelele akikikata, halafu mwambie akupigie na ule utepe wa ndani kwenye ukingo wa chini wa sari ili ikae. Gagulo funga kamba kwelikweli, yote yananing'inia hapo. Nyeusi na nyeupe ziache. Pafyumu jipulizie kabla hujavaa, zari ikilowa inafubaa. Na nyumbani usiitie kwenye nailoni, mi zangu nazifunga kwenye kanga kuukuu na kila baada ya miezi kadhaa nakunja upya, zari hukatikia kwenye mikunjo.

Ile ya kigololi bado ninayo, ni pazia la stoo, haichakai ng'o.