Usikimbilie Gundi: Majibu kwa Wakata Karatasi

Maswali ya kolaji, yaani sanaa ya kukata vipande vya karatasi na kuvibandika viwe picha mpya, yamerundikana, na mengi yanatoka kwa watu waliokwisha kumaliza majarida ya nyumba nzima kwa mkasi, kisha wakakwama. Nimechukua yale yanayojirudia. Mwenye shida ya mikunjo aruke hadi swali la pili, huko nimesema mengi.

Shikamoo dada. Nakaa mbele ya karatasi tupu nikisubiri wazo, na wazo haliji. Wewe unaanza na nini?

Marahaba. Naanza na kilichopo mezani. Mchoraji anaweza kuanza na wazo kwa sababu rangi humfuata popote aendapo. Sisi hatuna uhuru huo. Ukishaamua unataka mwanamke aliyegeukia kushoto, na wanawake wote majaridani mwako wanatazama kulia, siku yako imekwisha kabla hujaanza. Kwa hiyo kata kwanza vile vinavyokuvutia bila kuviuliza vina kazi gani, vitandaze, halafu vigeuze juu chini. Kitu kikipinduliwa huacha kuwa kile kilichopigwa picha, kikabaki umbo na rangi. Chukua mkono wa koti la sufu la kijivu: ukatwe begani na kwenye kiwiko, ulazwe chini ya kipande cha buluu, na mikunjo ya kitambaa inakuwa mlima wenye mabonde. Sharti ni moja tu, usahau kwamba lile ni koti.

Hata waasisi wa kolaji walitanguliwa na karatasi. Mwaka 1912 mchoraji Georges Braque aliona dukani huko Avignon, Ufaransa, karatasi ya kubandika ukutani iliyochapwa ionekane kama mbao. Akainunua, akaikata vipande, akavibandika kwenye mchoro wa mkaa wa bakuli la matunda na glasi. Miezi michache kabla, mchoraji mwenzake Pablo Picasso alikuwa amebandika kitambaa kilichopakwa mafuta chenye chapa ya ususi wa kiti kwenye picha yake na kuizungushia kamba. Hakuna aliyeota ususi usiku. Waliukuta umeshachapwa, ukisubiri mtu wa kuutazama vibaya.

Ukishatandaza, sogeza. Ondoa kimoja, rudisha kingine, na kila mpangilio upige picha kwa simu kabla hujauvuruga. Kwenye kioo kidogo cha simu makosa ya uzito na mwanga hujitokeza haraka: uso uliopigwa mwanga kutoka kulia juu ya kiwiliwili kilichopigwa mwanga kutoka kushoto, kwa mfano. Pengine unautaka ugomvi huo. Ila uutake wewe, usikutokee tu.

Kila ninachobandika kinakunjamana, na kadibodi yenyewe inapinda. Nimebadilisha gundi hadi nimechoka. Tatizo ni nini?

Mara nyingi gundi haina kosa, kosa ni haraka. Karatasi ikinyonya maji hutanuka, na haitanuki sawa pande zote. Nyuzi zake zililazwa upande mmoja tangu kiwandani, na kila uzi ukilowa hunenepa zaidi ya unavyorefuka. Ukikibandika kipande kabla hakijamaliza kutanuka, kinaendelea kutanuka kikiwa kimeshikwa, na pa kwenda hakina isipokuwa juu. Huo ndio mkunjo wako.

Ujue basi nyuzi zimelala wapi. Pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwa urefu halafu kwa upana. Pale inapokubali kirahisi, mstari wa mpindo unafuata nyuzi. Gazeti ni rahisi zaidi, lichane: upande mmoja litachanika kwa mstari mnyoofu, upande mwingine litakwenda mrama. Kila inapowezekana, nyuzi za kipande na nyuzi za karatasi ya chini zielekee upande mmoja.

Kubandika kwenyewe nafanya hivi. Kipande nakilaza kifudifudi juu ya karatasi taka, napaka gundi nyembamba kuanzia katikati kwenda nje hadi ipite ukingo, kisha nakiacha kitulie. Kitajikunja kidogo, halafu kitalegea. Hapo ndipo nakinyanyua. Nikishakiweka mahali pake nakifunika kwa karatasi safi na kusugua kwa mgongo wa kijiko, tena kutoka katikati, ili hewa itoke. Karatasi taka iliyokuwa chini naitupa hapohapo. Wanaoitumia mara ya pili ndio wanaolalamika kwamba nyuso za watu wao zina madoa ya gundi. Mwisho naweka karatasi ya kuokea juu, kwa kuwa haishiki gundi, na vitabu vizito vilale hapo usiku kucha.

Kadibodi inapinda kwa sababu imevutwa upande mmoja tu. Bandika karatasi ya uzito kama huohuo mgongoni mwake, nyuzi zikielekea kulekule, na mivutano miwili itashindana mpaka kadibodi inyooke.

Kuhusu aina: kurasa nyembamba za jarida zinapatana na gundi ya kijiti au ya akriliki isiyong'aa. Gundi nyeupe ya PVA ina nguvu lakini ina maji mengi, na ikishakauka huwezi kubadili mawazo. Wahifadhi wa makumbusho wanapenda uji wa wanga wa ngano, kwa sababu unaweza kulegezwa baadaye kwa unyevu. Gundi ya mpira iache: baada ya miaka hugeuka kahawia, hutia doa, kisha huachia. Na kama umechapa picha kwa printa ya wino wa maji, jaribu kwanza kwenye kona, maana nyingi huchuja zikilowa. Za leza hazina shida hiyo.

Siku yako ikoje? Nataka kuacha kazi niingie kwenye kolaji moja kwa moja.

Usiache bado, mdogo wangu. Sehemu kubwa ya siku yangu haina mkasi. Asubuhi nakata, kwa sababu macho hayajachoka na mwanga wa dirishani hauna vivuli vikali. Baada ya hapo ni kupanga kurasa, kujibu barua, kupima fremu, kufunga kazi zinazosafirishwa na kuokota vipande sakafuni. Kinachoitwa ubunifu kinajipenyeza katikati ya hayo, mara nyingi wakati nikitafuta kitu kingine kabisa.

Na kazi ya mshahara si adui. Hannah Höch, aliyekuwa miongoni mwa wasanii wa kundi lililojiita Dada huko Berlin, Ujerumani, aliajiriwa siku tatu kwa wiki na kampuni ya uchapishaji ya Ullstein kuanzia 1916 hadi 1926, akibuni ruwaza za darizi na ufumaji kwa majarida ya wanawake. Tazama picha zake: ruwaza za ushonaji na lasi zimo, na nyuso alizozikata zilitoka kwenye majarida ya namna hiyohiyo. Ajira ilimlisha na ikampa karatasi. Msanii wa Marekani Romare Bearden kwa miaka mingi alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii jijini New York, akitembelea familia mchana na kufanya sanaa jioni na mwisho wa wiki. Alikuwa amepita miaka 50 alipoanza kolaji zilizompa jina, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Msanii mwenzake Joseph Cornell naye aliuza vitambaa na kumtunza ndugu yake mwenye ulemavu, kazi zake nyingi akizifanya usiku nyumbani kwao Queens, jijini humohumo. Ukiwa na saa moja jioni na meza ambayo hakuna atakayekuamuru kuiondoa, una cha kuanzia.

Mama yangu amestaafu, anapenda kukata picha za maua. Watu wanamcheka kwamba anacheza kitoto. Si amechelewa?

Mwambie kuhusu Mary Delany. Alizaliwa Uingereza mwaka 1700, na akiwa na miaka 72, mjane, akaanza kutengeneza maua kwa vipande vya karatasi za rangi juu ya karatasi nyeusi. Kila ua alilikata akilitazama ua halisi, petali kwa petali, hata vishipa vya jani. Ua moja tu la pasheni lina petali zaidi ya 200. Aliendelea kwa miaka kumi hivi, hadi macho yalipomwacha, na akaacha kazi karibu 1,000 ambazo leo ziko British Museum. Mnunulie mama mkasi mdogo wenye ncha kali na taa nzuri. Na umfundishe kuzungusha karatasi, mkono wa mkasi utulie. Vidole vya uzeeni vitamshukuru.

Nimetumia picha ya mwanamitindo kutoka kwenye jarida, sasa mtu anataka kuinunua kazi yangu. Je, nitashtakiwa?

Inawezekana. Kukata picha kwa mkasi hakufuti hakimiliki ya aliyeipiga. Msanii wa Marekani Jeff Koons alishindwa kesi mwaka 1992 kwa kutengeneza sanamu iliyonakili picha ya wanandoa waliobeba watoto wa mbwa. Mwaka 2006 msanii huyohuyo alishinda, baada ya kuchukua miguu na viatu kutoka picha ya jarida la mitindo na kuvichanganya na vitu vingine katika mchoro mkubwa. Katika kesi ya pili mahakama iliona picha imepewa kazi mpya na maana mpya. Hiyo ni Marekani, na nchi nyingine zina mizani yake, hivyo kabla ya kuuza muulize mwanasheria wa kwenu.

Njia ya usalama ni kutumia picha zako mwenyewe, au zilizotengenezwa na watu waliofariki zamani. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka kazi nyingi zilindwe angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimefika 70. Vitabu vya kale vya mimea, ramani na michoro ya tiba ni hazina. Msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alitengeneza nyuso kwa kubandika vipande juu ya michoro ya zamani ya uvimbe wa kizazi, na ukiziona hutauliza tena kama kitabu cha daktari kinaweza kuwa malighafi.

Kompyuta au mkono?

Vyote ni kolaji. Mimi nachagua mkono kwa kuwa hauna kitufe cha kurudisha nyuma, na hofu hiyo inanifanya nitazame vizuri kabla ya kukata.

Kazi niliyoitengeneza kwa magazeti imegeuka njano. Nifanyeje?

Hiyo haitarudi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa zikiwa bado na lignini, kitu cha asili kinachoshika nyuzi za mti, ambayo ikikutana na mwanga na hewa hugeuka kahawia na kuifanya karatasi iwe na asidi na kuvunjika. Itoe juani, iweke kwenye fremu yenye kioo kinachozuia mionzi ya urujuanimno, na nyuma yake pawe na kadibodi isiyo na asidi. Makumbusho mengi huweka kazi za karatasi kwenye mwanga wa takriban laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga), gizagiza kweli. Kwa kazi zijazo, nakili ukurasa kwa mashine ya tona, inayotumia unga badala ya wino wa maji, juu ya karatasi isiyo na asidi, ubandike nakala. Stakabadhi za dukani nazo zina hila: nyingi huchapwa kwa joto, na maandishi hufifia yakabaki karatasi tupu.

Ingawa, binafsi, njano ya gazeti huwa siichukii. Mnunuzi aambiwe tu mapema.

Nyumba imejaa makaratasi na mume wangu amechoka. Unayapangaje?

Mumeo ana haki. Usihifadhi majarida, hifadhi kurasa. Chana unazozitaka, mengine yatoke nyumbani siku hiyohiyo. Usipange kwa mada, kwa sababu bahasha ya "wanyama" itakuletea wanyama tu. Mimi napanga kwa rangi na ukubwa: ngozi na mbao pamoja, anga na vitambaa vya buluu pamoja. Hapo ndipo koti hukutana na mlima. Vipande vidogo vinakaa kwenye bahasha angavu ili nisifungue kumi nikitafuta sikio.

Nitajuaje kwamba picha imekwisha?

Kabla ya kubandika, funika kipande kimoja kwa kidole. Picha isipopoteza chochote, kiondoe. Endelea kipande kwa kipande, bila huruma kwa kile kilichokugharimu muda mrefu kukikata, maana hicho ndicho huponea bila sababu. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, alipokuwa akikata karatasi zilizopakwa rangi baada ya upasuaji wa 1941, aliwaelekeza wasaidizi wake wavishikize vipande ukutani kwa pini na kuvihamisha tena na tena. Gundi ilikuja baadaye sana. Nawe shikiza kwa pini au udongo mlaini wa kubandikia, uiache siku kadhaa mahali unapopita. Ukishabandika, pitisha penseli ya rangi kwenye kingo nyeupe zilizobaki, na mgongoni uandike tarehe na aina ya gundi. Atakayeikarabati siku moja atahitaji kujua.